Nimenyunyizia vijidudu rafiki, mahindi yakaja manjano: niongeze dozi?

"Mtaalamu, nalima mahindi na maharage kwenye ekari moja na nusu. Udongo umechoka; miaka mitano iliyopita nilikuwa navuna karibu mara mbili ya hiki ninachopata sasa. Msimu uliopita niliuziwa chupa ya maji yenye vijidudu rafiki, nikaambiwa itarudisha rutuba na nitaachana kabisa na mbolea za viwandani. Lebo inasema kila mililita ina vijidudu milioni 100. Nilichanganya lita moja na maji ya bomba, nikanyunyizia shamba lote mchana mmoja. Mabua ya mavuno yaliyotangulia nilikuwa nimeyafukia siku chache kabla ya kupanda. Mahindi yakaja manjano, maharage yakawa ya wastani. Nimenunua chupa ya pili na nusu yake bado iko stoo. Niongeze dozi, au nimetapeliwa?"

Ndugu yangu, usiongeze dozi. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua chupa iko karibu, na msimu ukianza mtu hana subira.

Kuhusu kutapeliwa, nitenganishe mambo mawili. Kwamba ndani ya chupa kuna vijidudu hai, hilo linawezekana kabisa. Lakini ahadi kwamba chupa itachukua nafasi ya mbolea haikuwa ya kweli, na huhitaji maabara kuliona hilo. Kila tani moja ya punje za mahindi inayotoka shambani inaondoka na takriban kilo 15 za naitrojeni na kilo 3 za fosforasi. Chupa yako ya lita moja ina uzito wa kilo moja na kidogo, na karibu yote ni maji. Naitrojeni angalau ipo hewani, asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na wapo bakteria wanaoweza kuichukua huko. Fosforasi na potasiamu haziko hewani. Hakuna kijidudu kinachoumba fosforasi. Kinachoweza kufanya ni kuifungua ile iliyokwama kwenye chembe za udongo. Kama umevuna miaka mingi bila kurudisha kitu, hata hiyo ya kufunguliwa inapungua.

Kosa la msingi, na wanaouza chupa hizi wanalikuza, ni kuvichukulia vijidudu kama mbolea. Mbolea unaimwaga, inayeyuka, mmea unakunywa. Vijidudu ni mifugo. Ukileta ng'ombe mia kwenye uwanja usio na jani, bila maji wala kivuli, baada ya mwezi huna ng'ombe. Huwezi kutibu njaa hiyo kwa kuleta ng'ombe mia mbili.

Tufanye hesabu ya shamba lako. Ekari moja na nusu, kwa kina cha sentimita 15, ni udongo wa tani zipatazo 1,200. Gramu moja ya udongo ulio hai inaweza kubeba bakteria bilioni moja. Lita yako moja, kwa mujibu wa lebo, ilikuwa na bakteria bilioni 100. Ukivigawanya, unaona kwamba uliongeza kijidudu kimoja kwa kila milioni 12 waliokuwepo. Ni kama kudondosha tone moja kwenye mapipa matatu ya lita 200. Na hata tukisema udongo wako umechoka kiasi kwamba wamebaki sehemu moja ya kumi tu, bado ni tone kwenye lita 60. Tena wale wenyeji hawamkaribishi mgeni: wamezoea joto la hapo, uchachu wa hapo, na kila punje ya chakula ina mwenyewe. Wengi wa wageni hufa ndani ya wiki chache.

Hayo ni kama walifika wazima. Maji ya bomba yana klorini, ambayo imewekwa humo makusudi iue bakteria. Ukilazimika kuyatumia, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Jua la mchana linaua kwa mionzi na kwa kukausha, ndiyo maana kazi hii hufanywa jioni au siku ya mawingu, udongo ukiwa na unyevu. Na stoo yenye joto ni adui wa kimyakimya. Hapo aina za vijidudu zinatofautiana sana: Bacillus hujenga kiini kigumu cha kujihifadhi na anaweza kulala miezi mingi bila kufa, lakini rizobia, wale bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, hawana uwezo huo. Paketi ya rizobia iliyopikwa na joto dukani ni unga tu.

Sasa tuje kwenye manjano, kwa sababu hapo ndipo swali lako lina mambo mengi kuliko ulivyodhani. Kumbuka majani yalivyokuwa. Kama manjano yalianzia majani ya chini, yakaingia kutoka ncha na kufuata mshipa wa katikati kama umbo la V, huku majani ya juu yakiwa bado ya kijani, ile ilikuwa njaa ya naitrojeni. Na nadhani najua nani aliichukua: vijidudu wenyewe, na si wale wa chupa. Ni wale wa udongo wako.

Mabua makavu yana takriban sehemu 60 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mwili wa bakteria una kama sehemu 8 kwa 1. Bakteria anapokula bua, sehemu kubwa ya kaboni anaipumua ikawa hewa, lakini hata hivyo ili ajenge mwili anahitaji chakula chenye uwiano wa karibu 24 kwa 1. Bua halimtoshelezi. Basi anatafuta naitrojeni iliyobaki kwenye udongo unaomzunguka na kuichukua, na kwa kuwa yeye ni mwepesi kuliko mzizi, mhindi mchanga unabaki bila kitu. Naitrojeni hiyo haijapotea. Imefungiwa ndani ya miili yao, na wakishamaliza mabua na kuanza kufa, inarudi. Ila inarudi wakati mahindi yameshaamua ukubwa wa gunzi lake.

Kwa hiyo kufukia mabua siyo kosa. Kosa ni kufukia na kupanda papo hapo bila kuwapa naitrojeni ya kulia. Yaache juu ya udongo kama matandazo, ambapo yanagusana na udongo kidogo na kuoza polepole. Au yafukie wiki kadhaa mapema ukiwa na unyevu. Au yachanganye na samadi, majani mabichi ya mikunde, au kiasi cha mbolea ya naitrojeni wakati wa kupanda. Usiyachome. Moto unakuachia majivu na kupeleka kaboni na naitrojeni angani, na hiyo kaboni ndiyo malisho ya mifugo yetu.

Kwenye maharage, mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapokuwa na matumaini ya kweli na vijidudu vya kununua. Mwaka 1888 Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde inapata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu vya mizizini, na mwaka huohuo Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wanaoishi humo. Ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa vizuri kuliko yote katika sayansi ya udongo. Lakini kwa nini rizobia wafanikiwe mahali ambapo chupa ya kunyunyizia inashindwa, wakati idadi yao ni ndogo vilevile? Kwa sababu wanawekwa juu ya mbegu yenyewe, na mmea unawajengea nyumba. Mzizi unatoa kemikali inayowaita, bakteria anajibu kwa kemikali yake, unywele wa mzizi unajikunja na kumkumbatia, na kutoka kwa mmoja aliyeingia wanazaliwa mamilioni ndani ya kinundu, wakilishwa sukari. Hawana wa kugombana naye humo.

Ila nyumba hiyo ina ufunguo. Rizobia wa soya hawafungui mlango wa maharage, na wa maharage hawafungui wa dengu. Soya inayopandwa kwa mara ya kwanza kwenye ardhi ambayo haijawahi kuiona mara nyingi haitapata mwenzake humo, kwa hiyo kupaka mbegu kunaweza kubadilisha kabisa mavuno. Kunde, kwa upande wake, hukaribishwa na rizobia wengi walioko tayari kwenye udongo wa nchi za joto, na kwa kawaida huhitaji kidogo sana msaada wa paketi. Maharage yako yako katikati. Udongo mwingi una rizobia wanaoingia kwenye mizizi yake, lakini baadhi ni wavivu: wanakula sukari na kutoa naitrojeni kidogo, tena wanaziba nafasi ya wale wazuri. Na maharage yenyewe, nisikufiche, ni dhaifu katika kazi hii kuliko soya au kunde. Kwa hiyo wengine wakipaka wanaona tofauti, wengine hawaoni.

Huna haja ya kubahatisha. Maharage yakianza kutoa maua, chagua mashina kama kumi sehemu mbalimbali. Usiyang'oe kwa kuvuta, vinundu vitabaki ardhini. Chimba na jembe pembeni, nyanyua bonge zima, litumbukize kwenye ndoo ya maji na kulitikisa taratibu mpaka udongo uachie. Utaona punje ndogo zimeshika kwenye mizizi. Zisukume kwa kidole: kinundu halisi hubanduka kirahisi. Kama ni uvimbe wa mzizi wenyewe, usiobanduka, hiyo ni minyoo fundo, habari nyingine kabisa. Sasa pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Rangi hiyo ni ya protini ndugu na ile ya damu yetu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni isiharibu kimeng'enya kinachokamata naitrojeni. Kikiwa cheupe, bado kichanga au ni cha wale wavivu. Kijani au kijivu, kimemaliza kazi au hakikuifanya.

Ukikuta vinundu vyekundu vingi, hifadhi pesa yako. Ukikuta vichache au vyeupe, usikimbilie paketi kabla ya kuangalia sababu tatu. Naitrojeni nyingi kwenye udongo huufanya mmea ukatae kujenga vinundu, maana kumlisha mpangaji ni gharama. Fosforasi ikipungua, vinundu havina nguvu. Na udongo wenye uchachu mkali, chini ya pH 5 hivi, huwanyima rizobia maisha na pia hufunga molibdenamu, madini ambayo kimeng'enya kile hakiwezi kufanya kazi bila hayo. Kwenye udongo wa namna hiyo, chokaa itakufaa kuliko paketi kumi.

Na ukinunua paketi, soma jina la zao, tarehe ya mwisho, na uulize ilihifadhiwa wapi. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye unyevu na ufukie mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya fangasi inaweza kuwaua, hivyo angalia maelekezo.

Kuna imani nyingine naikuta sana: kwamba maharage yaliyo katikati ya mahindi yanayalisha mahindi msimu huohuo. Kwa kiasi kikubwa siyo. Naitrojeni inayokamatwa inabaki kwa mharage, na nyingi inaishia kwenye punje unazovuna. Mahindi yanafaidi msimu unaofuata, mizizi na majani vikishaoza. Ukiyang'oa maharage na mizizi yake, ukayapuria nyumbani na maganda yasirudi, umehamisha rutuba badala ya kuijenga. Kata shina chini, mizizi ibaki.

Fangasi wa mikoriza nao unastahili kuwajua, kwa sababu huenda tayari unao na unawabomoa bila kujua. Hawa huingia kwenye mizizi ya mimea mingi sana duniani, mahindi na maharage yakiwamo (kabichi na mchicha si wateja wao, kwa hiyo akikuuzia mtu mikoriza ya kabichi, mkatalie). Fosforasi hutembea kidogo mno kwenye udongo; mzizi hukausha ile iliyo milimita moja au mbili kando yake na kubaki na njaa. Uzi wa fangasi, mwembamba kuliko unywele wa mzizi, hufika sentimita kadhaa mbele na kuileta. Mmea unalipa kwa sukari, wakati mwingine hadi asilimia 20 ya yote uliyotengeneza. Nyuzi hizo hukatwa kila unapotifua ardhi, na hufa njaa ardhi ikikaa tupu bila mzizi hai. Kupunguza kulima na kuweka zao la kufunika ardhi baada ya mavuno kunawaongeza wale ulionao bure.

Je, mbolea ya viwandani inaua vijidudu vyote, kama wengine wanavyodai? Hapana. Punje za mbolea zikirundikana mahali pamoja huunguza walio karibu, na mbolea za amonia zikitumiwa miaka mingi bila chokaa huongeza uchachu, na uchachu ndio unaodhuru. Lakini kiasi cha wastani hukuza mahindi makubwa yenye mizizi mingi na mabua mengi, na hayo ndiyo malisho. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la ngano linaloendeshwa kama jaribio tangu 1843. Vipande vinavyopewa samadi vina mboji nyingi kuliko vingine kwa mbali, lakini vile vya mbolea ya viwandani havijageuka jangwa. Bado vinatoa ngano. Shida ni mbolea peke yake, huku kila jani likiondolewa au kuchomwa. Wewe usiache mbolea ghafla. Changanya na samadi iliyoiva, kisha punguza kadiri unavyoona udongo unarudi.

Na utauonaje unarudi? Chukua bonge kavu la udongo ukubwa wa yai, kutoka shambani kwako, na jingine kutoka chini ya uzio au mti ambapo hapajalimwa miaka mingi. Yatumbukize kila moja kwenye glasi ya maji. La kwanza, nadhani, litasambaratika kuwa tope ndani ya dakika chache. La pili litakaa, kwa sababu limegandishwa na gundi ya bakteria na nyuzi za fangasi. Rudia kila mwaka. Pia ng'oa kwa upole mche wa mhindi: kwenye udongo hai mizizi hutoka imevaa udongo kama soksi, huku kwenye udongo uliochoka hutoka mitupu.

Wengi hutengeneza maji ya samadi na molasi nyumbani. Yana virutubisho, sikatai. Lakini samadi mbichi inaweza kuwa na bakteria wa kuharisha, na molasi huwazidisha hao pia. Usiyanyunyizie kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusana na udongo, na ni kipimo kizuri cha kufuata.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa. Mavuno yaliyoshuka kwa nusu ndani ya miaka mitano yanahitaji kipimo cha udongo, angalau pH, fosforasi, potasiamu na mboji, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mwite afisa ugani afike shambani kama mimea inanyauka kwa makundi ilhali udongo una maji. Kama ukikata shina na kulisimamisha kwenye glasi ya maji safi unaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Kama mizizi ina uvimbe usiobanduka. Au kama ardhi inafanya ukoko mweupe wa chumvi. Hayo hayasubiri mboji, na kuhamisha udongo kwa jembe au viatu kunaweza kueneza ugonjwa.

Nusu ya chupa iliyobaki usiitupe. Igawe mara mbili. Sehemu moja ichemshe dakika kumi kwenye sufuria ambayo huipikii tena, iache ipoe (kile kiini kigumu cha Bacillus kinaweza kustahimili kuchemka, kwa hiyo lebo ikimtaja, jaribio hili halitakupa jibu la uhakika). Jioni moja yenye unyevu, weka sehemu hai, isiyochemshwa, kwenye mistari minne, iliyochemshwa kwenye minne mingine, na minne isipewe kitu, ukiichanganya shambani isikae upande mmoja. Vuna na upime kila mstari peke yake. Iliyochemshwa ikifanya sawa na hai, na zote zikaishinda ile tupu, kilichokusaidia ni chakula kilichomo kwenye maji yale, siyo vijidudu. Ndivyo ilivyotokea katika jaribio la miaka minne la vijidudu vya aina hii huko Uswisi, lililotolewa mwaka 2010: faida iliyoonekana ilitoka kwenye virutubisho vya kile kilichotumika kuwabeba. Zote tatu zikilingana, umepata jibu la kumpa muuzaji. Na hai ikizishinda zote mbili kwa misimu miwili mfululizo, niandikie na vipimo vyako. Nitafurahi kweli, na nitataka kujua aina ya udongo wako.